Mvua Haingoji Akidi

Kura ya kurekebisha kifungu cha mfuko wetu wa kilimo imeahirishwa mara ya pili kwa kukosa akidi. Mvua ya vuli haitaahirishwa. Ukambani hiyo ndiyo mvua ya kutegemewa kuliko ile ya Machi; huingia mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba, na mche wa nyanya huhitaji wiki 4 hadi 6 kitaluni. Mbegu isiyotiwa udongoni kufikia mwisho wa Septemba itatoa miche mvua ikiaga. Hata hivyo, kifungu bado kinaturuhusu kulipia “jengo la kudumu” pekee, na wengi wetu tumelisoma hilo kuwa kivungulio.

Wazo hilo tumelibeba kutoka huku ughaibuni, ambako baridi huua miche. Kitui na Makueni adui si baridi, ni jua, kiu, kuku na mbuzi. Mbegu ya nyanya huota vizuri kwenye nyuzijoto 20 hadi 30, joto ambalo nyumba za kule huwa nalo bila kuwasha chochote. Kivungulio huongeza joto, hudai tangi na mipira ya matone, na nyanya zikirudiwa humo msimu kwa msimu mnyauko wa bakteria hukaa udongoni. Badala yake, pakiti za maziwa zilizotobolewa chini, zikajazwa udongo, mchanga na samadi iliyooza, hukaa ndani hadi mbegu ichipuke. Siku hiyohiyo zitolewe barazani penye mwanga, la sivyo miche hurefuka na kulegea. Maji yawe kidogo, asubuhi, ili kinyausi kisikate mashina. Wiki ya mwisho miche izoeshwe jua polepole. Maji ya kunywesha pakiti hizo ni kidogo sana kuliko ya shamba zima, na kwa mama anayeyachota kwenye mchanga wa mto hilo ndilo jambo kubwa.

Kuhusu mbegu zenyewe, wapo wanaohofia kwamba kugawana mbegu za managu na mchicha kutawafikisha akina mama kortini. Hofu ilikuwa na msingi: sheria ya mbegu, ilivyorekebishwa 2012, ilitishia kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ilitangaza kwamba vifungu vilivyoharamisha kugawana huko vinakiuka Katiba. Wengine wanasema pakiti za maziwa haziwezi kuonyeshwa wafadhili. Mfuko huu haukuchangwa kwa ajili ya picha.

Asiyeweza kuhudhuria mkutano wa kura hii atie saini fomu ya uwakilishi, imfikie katibu saa 48 kabla ya mkutano. Mwenye deni la ada alipe sasa. Hahesabiwi kwenye akidi, na mara mbili zote tulipungukiwa na watu wa aina hiyo.