QR haitaokoa chama chako, daftari ndilo litakaloliokoa

Nikitaja kwamba ninaunda programu ya simu ya kukusanya michango ya chama, swali la kwanza huwa: "Ina QR?" Naam, ina. Lakini tuambiane ukweli kidogo, ndugu msomaji.

Ule mraba wa vidoti vyeusi na vyeupe ulibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake wa Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Haubebi pesa, unabeba maandishi tu. Kwa chama, maandishi hayo ni nambari ya Paybill na nambari ya mwanachama. Kazi yake ni kukuepusha kuchapa. Basi!

Ndiyo maana sikubaliani na mtindo wa kubandika msimbo mmoja ukutani, kila mtu auskani. Kwanza, mjanja anaweza kubandika wake juu yake na pesa zikapotea. Pili, malipo 20 ya shilingi 500 yakiingia bila nambari ya mwanachama, mweka hazina atabaki kubahatisha. Mama fulani kalipa kwa simu ya mwanawe, jina la mwana ndilo linaloonekana. Mkutano ukifika, mama anaitwa mdeni mbele ya watu. Vyama huvunjika hapo, si kwa kukosa teknolojia.

Kwa maoni yangu, kila mwanachama awe na msimbo wake, tena uliochapishwa kwenye kadi. Ukimtumia kwenye WhatsApp ataupigaje picha kwa simu ileile? Usihofu kadi kuchakaa: ukichagua kiwango cha juu kabisa cha kusahihisha makosa, msimbo husomeka hata karibu asilimia 30 yake ikiharibika. Na mwenye kabambe asiachwe nje. Nambari ileile iandikwe chini ya msimbo, aichape mwenyewe kwenye menyu ya M-Pesa.

Kisha daftari. Kila muamala wa M-Pesa una nambari yake ya kipekee, nami naitumia kama kufuli: taarifa ileile ikiletwa mara mbili, inaandikwa mara moja tu. Kila mwanachama anaona daftari zima, si mweka hazina peke yake. Pesa zenyewe huenda moja kwa moja kwa akaunti ya chama. Programu haizishiki hata kwa dakika moja, maana mwenye programu naye ni binadamu.

Wenzangu waandishi wa programu, msibuni misimbo yenu ya kienyeji pia. Mwaka 2023 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kiwango cha kitaifa cha misimbo ya QR ya malipo. Kifuateni, mkioana na wengine mtawapunguzia watu taabu.

Kwa hivyo ukiuziwa programu ya chama, usiulize kama ina QR. Uliza: nikilipa leo, nani ataona, na nikibishiwa kesho, nitaonyesha nini?