Bei ya taa ya pangoni si uongo, uongo uko kwenye batri

Kaskazini mwa Florida, nchini Marekani, kuna chemchemi za maji safi ambazo chini yake ni mapango marefu yaliyojaa maji. Katika mojawapo, Ginnie Springs, mtu asiye na cheti cha kupiga mbizi mapangoni anaweza kuvaa mtungi wake wa hewa na kuteremka katika chemchemi ya Devil's Eye, lakini haruhusiwi kubeba taa. Mgeni hushangaa. Namna gani wamnyang'anye mtu taa mahali penye giza? Wenyeji hujibu kwamba asiye na taa hubaki pale mwanga wa jua unapofika, na mwenye taa huendelea mbele. Taa humpa moyo ambao mafunzo yake hayajampa.

Hilo lilijulikana kwa kuhesabu maiti. Sheck Exley, mwalimu wa hesabu aliyekuwa mzamiaji mkubwa wa mapango, alichapa kijitabu mwaka 1979 akichambua ajali za huko, moja baada ya nyingine. Aliona waliokufa waliingia bila kamba ya kuwaongoza kutoka, au walitumia hewa nyingi kupita kiasi, au walishuka chini mno. Baadaye mambo mawili yaliongezwa: mafunzo na taa. Tangu hapo kanuni ni kwamba kila mzamiaji aingie na taa tatu, na kila moja iwe na uwezo wa kuwaka muda wote wa safari aliyoipanga. Moja ikizimika, safari imekwisha. Watu wote wanageuka na kurudi. Hakuna kubishana.

Sasa tuje kwenye bei, kwa kuwa ndipo kelele zilipo. Taa kuu ya mzamiaji wa mapango ina batri ndani ya mkebe unaofungwa kiunoni, waya mnene, na kichwa cha taa kinachokaa juu ya mkono. Ile nzuri inapita dola 1000. Hizo ni pesa ambazo huku Lubumbashi au Beni zingemfanya mtu aanze kufikiria pikipiki. Kubadilisha batri yake peke yake kunaweza kula dola mia kadhaa. Wazamiaji wengi wanalalamika kwamba wanaibiwa. Wanafungua taa na kukuta ndani bomba la alumini, balbu ya LED, batri chache zilizofungwa pamoja, vitu ambavyo kwa rejareja havifiki hata robo ya bei.

Malalamiko hayo ni nusu ya kweli. Kinacholipiwa si balbu. Kinacholipiwa ni kazi ya kukata chuma kwa usahihi ili maji yasipite, na kupima kila mkebe kabla haujauzwa, katika soko dogo ambamo mtengenezaji huuza taa chache tu kwa mwaka. Kila mita 10 za kina huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu yetu. Mita 30 chini, maji yanasukuma kwa nguvu mara nne ya ile ya juu. Kinachoyazuia ni pete mbili nyembamba za mpira. Unywele mmoja ukilala juu ya pete, au chembe ya mchanga, maji yanaingia.

Kwa hiyo matunzo ya taa hizi ni kazi ya mikono yenye uvumilivu. Pete inatolewa bila kitu cha ncha kali, inafutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, inakaguliwa kwa kidole kama imepasuka, inapakwa mafuta ya silikoni kidogo sana. Anayepaka mengi hukusanya mchanga. Aliyetoka baharini huosha taa kwa maji baridi kabla ya kuifungua. Batri za litiamu haziwekwi kabatini zikiwa zimejaa kabisa wala zikiwa tupu; huachwa karibu na nusu, mahali pasipo joto, na hazichajiwi usiku watu wakiwa wamelala. Ni mambo ya dakika chache, na ndiyo yanayoifanya taa ya bei kali idumu miaka mingi. Bila hayo, hata ile ya dola 1000 inakufa kama ile ya dola 30.

Ila nusu nyingine ya malalamiko inastahili kusikilizwa. Kuna watengenezaji wanaofunga taa kwa gundi ili mwenyewe asiweze kuifungua, au wanaoweka batri ya umbo lao peke yao ambayo haipatikani popote pengine. Kampuni ikifunga milango, taa inakuwa chuma tupu. Hapo bei kubwa haina utetezi. Mwenye kuuza kitu kwa bei ya pikipiki auze na vipuri vyake, kama wauza pikipiki wanavyofanya.

Hata hivyo, kwa hesabu ya makuta tu, taa ya bei nafuu inashinda. Mtu akinunua ya dola 60 kila mwaka, baada ya miaka kumi atakuwa ametumia 600, na mwenzake alishatoa 1000 siku ya kwanza. Tetesi za madukani kwamba “cha bei kubwa ni rahisi mwishoni” si lazima ziwe kweli. Hatari iko kwingine, na wanaogombana juu ya bei huipita kimyakimya: namba iliyochapwa kwenye batri.

Tochi nyingi za kisasa, za majini na za nchi kavu, hutumia batri ya duara iitwayo 18650, yaani upana milimita 18 na urefu milimita 65. Nyingi kati ya zile bora za ukubwa huo hubeba karibu miliampea-saa 3500. Hakuna kiwanda kinachoweza kuingiza mara tatu ya hiyo katika kopo dogo hivyo. Lakini kwenye intaneti na sokoni zinauzwa zilizoandikwa 6800, 9900, hata zaidi. Ndani yake mara nyingi kuna batri dhaifu, wakati mwingine iliyotolewa katika kompyuta iliyochakaa na kuvalishwa plastiki mpya ya rangi nzuri.

Kwa mzamiaji, uongo huo unaua kanuni nzima ya taa tatu. Zamani balbu ikikaribia kuzimika ilianza kuwa ya njano. Ilimwonya mtu mapema. Taa nyingi za LED zenye batri ya litiamu hubaki na mwanga mkali hadi mwisho, kisha hukata ghafla. Hakuna onyo isipokuwa saa ulizozihesabu mwenyewe, na saa hizo umezihesabu kutoka kwenye namba ya uongo. Tena, aliyenunua taa tatu za aina moja, siku moja, kwa muuzaji mmoja, na kuzichaji kwa kifaa kimoja, hana taa tatu. Ana kosa moja lililogawanywa mara tatu. Ndiyo maana wengi huchagua taa za akiba zinazotumia batri za kawaida za kutupwa, ambazo hufifia polepole. Na taa zikizimika, giza si tatizo pekee: ndani ya maji taa ni mdomo wa mtu. Kuzungusha mwanga kwa duara taratibu ni kusema “niko sawa”; kuutikisa haraka kulia na kushoto ni kuomba msaada. Asiye na taa hawezi hata kuita.

Msomaji wa Kalemie au Kolwezi anaweza kuuliza mapango ya Florida yanamhusu nini. Yanamhusu kuliko anavyodhani. Batri nyingi za aina hii zina kobalti ndani yake, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, katika Lualaba na Haut-Katanga. Inatoka ikiwa imepimwa uzito na ubora, na mchimbaji anakatwa bei kwa kila sehemu ya asilimia inayopungua. Kisha inarudi sokoni ikiwa ndani ya tochi ya kichwani, na safari hii hakuna anayepima. Mchimbaji huyohuyo hushuka nayo shimoni. Mvuvi wa Tanganyika huiwasha usiku akitafuta wenzake ziwani. Mkunga humulika nayo mama anayejifungua umeme ukiwa umekatika. Hawa wote, kama mzamiaji wa pangoni, wanategemea saa zilizoandikwa kwenye karatasi.

Wapo watakaosema kwamba mnunuzi wa sokoni hana pesa za kuchagua, na kwamba kukaza udhibiti kutapandisha bei. Hoja hiyo haina nguvu. Batri ya miliampea-saa 1200 si dhambi. Ni bidhaa ya bei ndogo inayomfaa mwenye pesa ndogo. Iandikwe 1200 na iuzwe. Kuandika ukweli hakuongezi hata faranga moja kwenye gharama ya kiwanda. Kinachopungua ni faida ya anayeuza 1200 kwa jina la 9900.

Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, ndiyo yenye kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini, na wafanyabiashara wanailipa kwa kazi hiyo. Kuikamata batri ya aina hii hakuhitaji maabara kubwa. Kwa kuanzia, namba yoyote inayopita 4000 kwenye batri ya 18650 ni sababu tosha ya kuizuia kasha lote pale Kasumbalesa au Kasindi. Kisha mizani. Batri nzima ya ukubwa huo huwa na uzito wa gramu 45 hivi, na nyingi za bandia ni nyepesi zaidi. Mizani ndogo ya wanunuzi wa dhahabu inatosha kuonyesha. Na wazamiaji wana kipimo chao ambacho hakimgharimu mtu kitu: wanachaji taa ijae, wanaiwasha jioni, wanaandika saa, wanaiacha mezani hadi izimike, na kurudia hivyo mara kwa mara katika maisha ya taa. Muuza tochi anayejiamini hatakataa mteja afanye hivyo kwa usiku mmoja kabla ya kulipa.