WAGENI WA SHERIA WALETWE KAGERA

Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam, Oktoba 1961, kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria, nacho kilikusudiwa vijana wa Kenya na Uganda pamoja na wa Tanganyika. Kumfundisha mgeni sheria, basi, si jambo jipya kwetu. Lakini mgeni ajaye leo kujifunza jinsi mataifa mbalimbali yanavyohukumu makosa ya jinai, apelekwe wapi akajionee?

Sisi wa Kaagya twasema: aletwe Kagera. Mkoa huu wapakana na Uganda pale Mutukula, na Rwanda pale Rusumo. Achukue kosa moja tu, la kuua kwa kukusudia, aulize linahukumiwaje pande zote tatu.

Kanuni yetu ya Adhabu ilianza mwaka 1930, na kielelezo chake kilitoka mbali, Queensland ya Australia. Uganda, iliyotawaliwa na Mwingereza yule yule, ilipata sheria ya ukoo huo huo. Hata hivyo, mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo, bali kila kosa lipimwe kwa hali yake. Rwanda, iliyorithi sheria za Kibelgiji, ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2007, ijapokuwa ilikuwa na watuhumiwa wengi mno wa mauaji ya kimbari ya 1994. Wengi wao walihukumiwa na majirani zao katika mabaraza ya gacaca, yaliyofungwa mwaka 2012. Mwalimu asifiche kwamba mabaraza hayo hayakuwa na mawakili wa kuwatetea washtakiwa.

Na sisi je? Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamuru Tanzania iondoe kifungu kinachomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji.

Wako watakaosema kwamba mambo ya nyumbani hayaonyeshwi wageni. Hatukubaliani nao. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kijana wa nje akiuliza kwa nini jaji wa Kampala aweza kupima na wa kwetu akakatazwa, hatuna budi kumjibu, na katika kumjibu tutajipima wenyewe. Aliyekwisha kunyongwa harudishwi kwa rufani. Basi yafaa hukumu yake itokane na haki, wala si na mazoea tuliyoachiwa na mkoloni.