Kipa aliyeruka kulia mpira ukaenda kushoto hajauza mechi

MECHI za mtaani zikifika kwenye matuta, kuanzia Tandika hadi Tandale, lazima kuna kipa atarudi nyumbani na jina baya. Karuka kulia, mpira umeingia kushoto, na kabla hajajifuta vumbi kuna mtu pembeni ameshatoa hukumu: "Huyo kauza mechi."

Dogo wa miaka 17 akiitwa msaliti mbele ya mtaa mzima, ni rahisi kuzivua glovu na asirudi tena golini. Na hukumu yenyewe haina hesabu.

Wanaoiishi hesabu hiyo ni wawindaji wa Kihadzabe, kule Ziwa Eyasi. Mwindaji akiachia kamba ya upinde, mlio unamfikia swala kabla ya mshale. Sauti inasafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Mshale, tuseme, unakwenda mita 50 kwa sekunde. Swala akiwa mita 25, mlio unamfikia kwa sekunde 0.07, mshale unatumia nusu sekunde. Hapo mnyama ana zaidi ya sekunde 0.4 za kujiokoa.

Wala haukwepi mshale, maana hajauona. Kashtuka tu. Anakunja miguu apate nguvu ya kuruka, mwili unashuka, mshale unapita juu ya mgongo.

Mhadzabe hawezi kuufanya mshale uushinde mlio. Anachoweza ni kupunguza umbali. Kiangazi anajibanza usiku karibu na maji, anasubiri mnyama aje mwenyewe. Kwenye mita 10, muda wa mnyama unashuka chini ya sekunde 0.2. Hapo kashtuka, lakini kachelewa.

Sasa njoo golini. Penalti inapigwa mita 11. Mchomo wa kilomita 100 kwa saa unafika mstarini kwa sekunde 0.4. Kipa aone, mwili uanze kujibu, karibu sekunde 0.2 zimeshakwenda. Zilizobaki ndizo za kufika kwenye nguzo iliyo mita 3.66 kutoka katikati ya goli. Nani anaruka hivyo?

Na yeye haruhusiwi kusogea kupunguza pembe. Sheria tangu 2019 inataka angalau mguu mmoja uwe usawa wa mstari mpira unapopigwa. Kwa hiyo mchomo ukiwa mkali na wa pembeni, kipa anayesubiri kuona mpira unakokwenda kafungwa tayari. Lazima aanze mapema, na anayeanza mapema kuna siku ataingizwa mkenge. Huo si usaliti.

Hii haina maana kwamba matuta ni bahati nasibu. Ngao ya Jamii 2023, pale Mkwakwani, Tanga, Ally Salim aliokoa penalti tatu za Yanga na Simba wakashinda 3-1. Sekunde zilikuwa zilezile kwake kama kwa kipa yeyote. Kipa hawezi kuziongeza, ila anaweza kuanza kazi kabla hazijaanza kuhesabiwa: mpigaji anakujaje, nyonga imeelekea wapi, mguu anaokanyagia umetua vipi.

Hayo yanafundishika, na hapo ndipo timu za Temeke na Kinondoni zinapoangusha makipa wao. Zipo ambazo kipa anapigiwa mashuti dakika tano, basi, anaambiwa yuko tayari. Siku ya fainali anatakiwa awe shujaa.

Kocha akitaka kipa wa matuta, ampe muda wa kuwasoma wapigaji mazoezini kila wiki. Na shabiki anayetaka kulaumu amwangalie kwanza aliyepaisha juu ya mwamba. Yule mpira ulikuwa umetulia mbele yake, na muda wote ulikuwa wake.