Maji ya tohara na maji ya kunywa: somo la mzazi kutoka Kilwa Kisiwani

Familia nyingi zinazopeleka watoto Kilwa Kisiwani hufanya safari inayofanana. Huchukua kibali Kilwa Masoko, hupanda boti na baada ya muda mfupi huwa kisiwani. Watoto hukimbilia Gereza, kisha Msikiti Mkuu wenye nguzo na kuba, hupigwa picha, halafu njaa inauma na safari ya kurudi inaanza.

Ipo sehemu ya msikiti huo ambayo wengi huipita bila kusimama. Ni mahali pa kutawadhia. Kwa mzazi mwenye mtoto anayesoma madrasa, au anayeshinda kanisani kila Jumapili, pale ndipo penye somo la afya la kupeleka nyumbani.

Walioujenga walianza na maji

Sehemu ya zamani zaidi ya Msikiti Mkuu ilijengwa karne ya 11 kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Katika karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua sana. Ndiye aliyempokea Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, mwaka 1331. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Wajenzi hawakufikiria nguzo na kuba peke yake. Waliweka kisima, mabirika ya maji, na mawe ya kusugulia miguu ili mtu asiingie msikitini na vumbi. Hapakuwa na bomba wala pampu. Kila tone lilitekwa kwa mkono, na bado hakuna aliyeona kwamba kunawa ni jambo la kuachwa.

Simama hapo na mwanao. Mwambie kwamba watu wa Kilwa walihesabu usafi kuwa sehemu ya ibada kwa mamia ya miaka. Watoto wengi hupenda kusikia kwamba kuosha mikono na miguu, kazi wanayoikwepa kila siku, ina historia ndefu kiasi hicho.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu hadithi ya maji ya Kilwa ina upande wa pili.

Kipindupindu kilipoingia Kilwa

Kilwa Kivinje iko bara, kaskazini mwa Kilwa Masoko. Katika karne ya 19 ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Mwaka 1859 msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kilwa akakuta kipindupindu kinaua watu kwa wingi.

Huu ulikuwa mji wa Waislamu, watu wanaotawadha kwa ajili ya swala tano kila siku. Hawakuwa wachafu. Ila adui aliyewafikia hakuonekana kwa macho.

Mtoto wa madrasa hufundishwa mapema namna ya kuyatambua maji yanayofaa kwa tohara: yasiwe yamebadilika rangi, ladha wala harufu kwa sababu ya najisi. Kipimo hicho ni cha ibada. Tatizo ni kwamba vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu vinaweza kuwemo katika maji meupe, yasiyo na ladha wala harufu yoyote.

Mwaka 1854, daktari John Snow alionyesha kwamba wagonjwa wengi wa kipindupindu katika mtaa mmoja wa London walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja. Robert Koch alikuja kumtambua mdudu wa ugonjwa huo miaka ya 1883 na 1884. Watu wa Kilwa wa mwaka 1859 hawakuwa na namna ya kujua. Mzazi wa leo anajua, kwa hiyo jukumu lake ni kubwa zaidi.

Kutibu maji hakupunguzi imani

Wapo wazazi wanaoona vibaya kuuliza habari ya maji ya nyumba ya ibada, kana kwamba ni kukosa adabu. Hebu tazama yanayofanyika kwingine.

Mwaka 1865 kipindupindu kiliua maelfu ya mahujaji Makka. Mwaka uliofuata mataifa yakakutana Constantinople kujadili namna ya kuzuia ugonjwa huo usisambae. Siku hizi hata maji ya Zamzam huchujwa na kupitishwa kwenye mionzi ya kuua vijidudu kabla ya kuwafikia mahujaji.

Japani, waumini huosha mikono na kusukutua kabla ya kuingia mahali pa ibada, na desturi yao ni kutotia mdomo kwenye kata: maji humiminwa kwanza kiganjani. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, sehemu nyingi ziliondoa kata kabisa na kuweka maji yanayotiririka. Makanisa mengi ya Kikatoliki duniani nayo yaliondoa maji ya baraka mlangoni kwa muda. Hakuna aliyesema imani imepungua.

Tazama anakosoma mwanao

Watoto wa pwani ya Lindi hutumia saa nyingi kwenye nyumba za ibada. Madrasa baada ya shule, mafundisho ya kipaimara, mazoezi ya kwaya. Jua ni kali, wanacheza, wanapata kiu. Kama hakuna maji ya kunywa, watakunywa yaliyo karibu: ya birika, ya pipa la kutawadhia, au ya ndoo yenye kikombe kimoja kinachozunguka midomo 40.

Hatari huongezeka wakati wa mvua. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga. Maji yanayoweza kung'oa barabara yanaweza pia kubeba uchafu wa vyoo hadi kwenye visima.

Haya yanaweza kufanyika bila gharama kubwa:

• Mpe mtoto chupa yake ya maji yaliyochemshwa. Yaache yachemke kwa nguvu angalau dakika moja, yapoe, na yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko.

• Kama kuni au mkaa ni tatizo, tumia dawa ya klorini kwa kufuata maelekezo ya pakiti. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi.

• Mfundishe kusukutua na kutema. Watoto wanaofunga Ramadhani wanalijua hili vizuri. Waambie wafanye hivyo mwaka mzima.

• Wazazi mchangiane ndoo yenye koki na mfuniko kwa ajili ya maji ya kunywa, iwe mbali na maji ya kutawadhia. Sabuni iwepo karibu na choo.

• Zungumzeni na mwalimu kwa heshima. "Asalaam aleikum ustadhi, tumeona watoto wanapata kiu, tunaomba tuwaletee ndoo ya maji ya kunywa." Kwa kanisani, anza na katekista au wazee wa kanisa. Ukija na ndoo mkononi utasikilizwa haraka kuliko ukija na lawama.

Akianza kuharisha

Anza kumpa maji ya ORS mara moja: pakiti moja kwenye lita moja ya maji salama, kidogo kidogo na mara kwa mara. Ukikosa pakiti, changanya lita moja ya maji salama na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote kwa kipimo cha kusawazisha. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula. Kituoni atapewa pia zinki, ambayo hutumiwa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma.

Usisubiri kesho kama macho yamezama, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, analegea, ana damu kwenye choo, au choo ni cha majimaji mengi kama maji ya mchele. Mpeleke kituo cha afya huku ukiendelea kumpa ORS njiani. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache, lakini mgonjwa anayewahi kurudishiwa maji mwilini kwa kawaida hupona.

Jioni hii, mtoto akirudi madrasa au kwenye kwaya, muulize swali moja kabla ya kumuuliza alichosoma: "Leo ukipata kiu, ulikunywa maji gani?" Jibu lake litakueleza kama kesho uende kumsalimia ustadhi au katekista.