Makarani wa forodha Busia wana ujuzi mwingi, ushahidi haba

MABADILIKO ya taratibu za forodha katika mpaka wa Kenya na Uganda yamezungumziwa sana kwa upande wa malori na mapato ya serikali. Lisilozungumziwa ni hali ya makarani wa Malaba na Busia ambao kwa miaka mingi walikuwa wakishughulikia stakabadhi za shehena, na ambao leo wakitafuta kazi kwingineko hawana cha kumwonyesha mwajiri.

Hadi mwaka wa 2014, lori lililotoka bandari ya Mombasa likielekea Kampala lilifika mpakani likiwa na safari mbili: ya barabara, na ya makaratasi. Ofisi za mawakala zilijipanga kando ya barabara kuu, na karani aliyebeba faili kwapani akikimbia kutoka dirisha hili hadi lile alikuwa sehemu ya mandhari ya miji hii. Himaya Moja ya Forodha ilipoanza kutekelezwa mwaka huo katika Ukanda wa Kaskazini, maafisa wa ushuru wa Uganda walipelekwa Mombasa, na mwenye mali akatakiwa kulipa ushuru wake kabla shehena haijaondoka bandarini. Kazi ikahama zaidi ya kilomita 900.

Kisha kikaja kituo cha pamoja cha mpakani. Kile cha Busia kilizinduliwa Februari 24, 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni. Kwa utaratibu wake, lori linaloingia Uganda husimama upande wa Uganda pekee, ambako maafisa wa nchi zote mbili hulikagua pamoja.

Sina ugomvi na mabadiliko haya. Yeyote aliyeshuhudia misururu ya malori ya Malaba katika siku za corona mwaka wa 2020 anajua gharama ya kuchelewa mpakani. Wala kazi ya uwakala haijafa. Wapo wenye leseni wanaoendelea kuhudumu. Lakini makarani waliokuwa wameajiriwa na kampuni ndogo walilazimika kutafuta riziki Mombasa, katika bohari ya Naivasha, Nairobi au Kampala. Huko walikutana na waajiri wasiowajua.

Chukua mfano wa mtu aliyefanya kazi hiyo Malaba kwa miaka kumi na mitano. Ana stashahada moja, na barua ya sifa kutoka kwa kampuni iliyofungwa. Simu iliyoandikwa juu ya barua hiyo haipokelewi na mtu. Mwajiri atamwaminije? Tukumbuke kwamba imani katika makaratasi imepungua mno humu nchini. Mnamo Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba vyeti ghushi zaidi ya 2,000 vilikuwa vimegunduliwa katika taasisi za umma. Mwenye cheti halali anaadhibiwa kwa dhambi ya mwenye cheti bandia.

Hapa ndipo jalada la kazi mtandaoni linapoingia. Jalada si wasifu. Wasifu husema, "Naijua kazi hii." Jalada huiweka kazi yenyewe mezani mtu akaisoma. Mpigapicha huweka picha, mwashi huweka nyumba alizojenga, mwandishi huweka makala. Karani wa forodha naye aweke nini?

Swali hili linanigusa kuliko msomaji anavyoweza kudhani. Mimi ni mhariri msanifu. Kwa miaka mingi nimenyoosha habari za wengine, nikazipa vichwa na kuziondolea makosa, na jina langu halikutiwa chini ya hata moja. Nikiulizwa leo nionyeshe kazi niliyoifanya mwaka wa 2005, nitaonyesha makosa ambayo hayakuchapishwa? Karani yumo katika mashua iyo hiyo. Kazi yake ikifanywa vizuri, lori hupita, basi.

Jibu jepesi, ambalo vijana wengi hulikimbilia, ni kupiga picha stakabadhi walizoshughulikia na kuziweka mtandaoni. Hilo ni kosa kubwa. Tamko la forodha lina jina la mwenye mali, nambari yake ya ushuru, bei aliyonunulia na jina la aliyemuuzia. Hiyo ni siri ya mteja. Mshindani wake akiiona atajua faida yake, na tapeli akiiona atapata anachokitafuta. Isitoshe, tangu mwaka wa 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na anayeanika habari za mtu bila idhini yake anaweza kujikuta pabaya. Hata akiepuka mkono wa sheria, ni mwajiri gani atakayemkabidhi siri zake mtu anayezimwaga za wengine?

Kinachofaa kuonyeshwa ni fikira. Tuseme karani anaandika ukurasa mmoja kuhusu nguo za mitumba, biashara ambayo Busia inaifahamu fika. Katika orodha ya ushuru, mitumba ina kifungu chake, 6309, ilhali nguo mpya zimo katika sura za 61 na 62, na matambara yako 6310. Ili shehena ihesabiwe kuwa mitumba, ni lazima nguo zionekane wazi kwamba zimevaliwa, na ziletwe kwa wingi bila kufungwa, au kwa marobota, magunia au mfano wake. Sasa aeleze: je, robota likifunguliwa na kukutwa nguo zenye lebo za dukani, afisa atasema nini, na wakala mwaminifu angemshauri vipi mteja wake mapema? Mwajiri akisoma ukurasa huo, hatahitaji barua ya sifa ili ajue kwamba mwandishi wake anaielewa kazi.

Vivyo hivyo anaweza kujaza tamko la mfano kwa jina la mfanyabiashara wa kubuni, akiandika waziwazi kwamba ni mfano. Anaweza pia kueleza utaratibu wa cheti rahisi cha uasili, ambacho huwafaa wachuuzi, wengi wao wanawake, wanaovusha bidhaa za Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Akieleza hayo kwa Kiswahili, na hata kwa Kiteso au Kiluhya, atakuwa ameonyesha lugha zake bila kuzitaja.

Pa kuviweka pia ni suala. WhatsApp haifai, ujumbe hupotea jinsi ulivyokuja. LinkedIn, ulioanza mwaka wa 2003, una faida kwamba waajiri huupitia, nayo kurasa za bure za wavuti zipo tele. Ila mwenye wateja ng'ambo ya mpaka asiweke kila kitu mahali pamoja. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 za nchi hiyo kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, ikafunga Facebook, kisha ikazima intaneti yenyewe. Aliyekuwa na jalada lake Facebook alitoweka machoni pa Kampala usiku mmoja. Nakala ya kila kitu ibaki kwa mwenyewe.

Na je, nani atathibitisha? Ukurasa wa mtandao unaweza kudanganya kama karatasi, pengine zaidi. Orodha ya mawakala wenye leseni kutoka Mamlaka ya Ushuru hutaja kampuni, karani hayumo. Cheti cha forodha kinachotolewa na shirikisho la mawakala wa Afrika Mashariki pamoja na mamlaka za ushuru kinasaidia, kwa aliyemudu kukisomea. Mpango wa Ajira Digital, ulioanzishwa mwaka wa 2016, umewalenga vijana, si baba wa watoto wanne mwenye umri wa miaka 48 ambaye tarakilishi aliijulia ofisini.

Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopewa hati mwaka wa 2022, kiko kilomita chache kutoka mji wa Busia. Kozi fupi ya jioni kuhusu uandishi wa jalada la kazi, ikiendeshwa kwa ushirikiano na vyama vya mawakala wa Malaba na Busia, haihitaji jengo jipya wala bajeti ya kutisha. Vyama hivyo vinawajua waliofanya kazi na waliojifanya kuifanya. Vikikubali kutia sahihi chini ya kurasa za wanachama wao wa zamani, mwajiri wa Mombasa atakuwa na mtu wa kumpigia simu, na simu itapokelewa.