MAMBO YA SHAMBA: Majani ya Ukingoni na Mwendo wa Mto

Wako wakulima wauonao ukingo wa mto kuwa ni ardhi iliyopotea bure. Udongo wake ni mweusi, tena una unyevu hata wakati wa kiangazi. Basi hufyeka matete na mafunjo, hung'oa vichaka, kisha hupanda nduma na mboga mpaka majini. Kwa misimu miwili mitatu huvuna vizuri. Halafu huja mvua kubwa, na mto huzichukua nduma pamoja na udongo, na hatua kadhaa za shamba lenyewe.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Maji yapitayo kati ya mashina na majani hugongana nayo, na nguvu zake hupungua. Mwaka 1889 mhandisi wa Ireland, Robert Manning, alitoa kanuni ya kukadiria mwendo wa maji, ambayo wahandisi huitumia hata leo. Katika kanuni hiyo kila mahali hupewa namba ya ukwaruzo wake. Mkondo safi ulionyoka hupewa yapata 0.03, na uwanda wenye vichaka vizito yapata 0.1. Kadiri namba inavyozidi, ndivyo mwendo unavyopungua. Kwa hiyo, ikiwa kina ni kimoja na mteremko ni mmoja, maji ya vichakani hayafikii hata theluthi ya mwendo wa maji ya mkondo safi.

Faida za jambo hili ni mbili. Kwanza, maji yaendayo polepole hutua matope yaliyobeba, na matope hayo ndiyo rutuba ya uwanda. Nayo mizizi huushika ukingo usimomonyoke. Pili, maji yaliyoenea uwandani na kukawia huteremka kidogo kidogo, wala hayawafikii watu wa chini yote kwa pamoja.

Lakini ni lazima kutazama mahali mmea uliposimama. Maji yakicheleweshwa, kina chake huongezeka. Uwandani kina hicho hupata nafasi ya kuenea. Katikati ya mkondo mwembamba huleta hasara. Gugumaji lililojisonga chini ya daraja, au mti ulioanguka na kukusanya takataka, huyainua maji mpaka yakafurika juu yake. Vitu hivyo yafaa viondolewe. Mwenye kusafisha mkondo hakosi. Akosaye ni yule aunyoaye ukingo.

Mto Nzoia ni mfano ulio karibu. Maji yake hutoka milima ya Cherangani na Elgon, hupita katika mashamba mengi, kisha huingia uwanda wa Budalangi kabla ya kufika Ziwa Victoria. Huko zilijengwa kuta za udongo za kuyazuia maji, nazo zimebomoka mara kadhaa. Mwaka 2020 watu wengi walihama makwao. Asili ya gharika ni mvua, na hakuna majani yawezayo kuizuia mvua. Hata hivyo, kila ukingo ulionyolewa huko juu huyaharakisha maji na kuyaongezea matope. Matope hayo hutua chini na kuupunguza mkondo kina, na mwaka ufuatao maji yale yale hupanda juu zaidi.

Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 ziliagiza ukanda wa ukingo usiopungua meta 6 wala kuzidi meta 30 kila upande. Katika ukanda huo matete, mafunjo na mikuyu yafaa yaachwe. Mikaratusi isipandwe hapo, kwa kuwa hunywa maji mengi. Juu ya ukanda, mkulima aweza kupanda majani ya tembo, akayakata kwa ajili ya ng'ombe bila kung'oa mizizi. Hivyo hupata malisho, na shamba lake hubaki mahali pake.

Maji hufuata mkondo, wala hayajui mpaka wa shamba. Afyekaye ukingo wake humwamulia na jirani wa chini ambaye hakuulizwa.